Sanamu za Skeli za Dinosau na Nyangumi: Historia Yake na Swali la Istilahi

Miongoni mwa mambo yanayowapa taabu wafasiri wa vitabu vya shule na wa maandishi ya makumbusho ni vitu vidogo ambavyo kwa sura havionekani kuhitaji istilahi. Sanamu ndogo ya plastiki ya mnyama aliyetoweka zamani ni mojawapo. Mtoto ataiita mdoli, mwenye duka ataiita kitu cha kuchezea, mwalimu ataiita mfano, na mtumishi wa makumbusho ataiita kielelezo. Majina yote hayo yanapita, mpaka mfasiri aigeuze sanamu hiyo na kuona tumboni mwake jina la kitaalamu na tarakimu 1:40. Hapo ndipo anapotambua kwamba kitu alichokishika kinadai jambo fulani kuhusu mnyama huyo, na kwamba dai hilo halimo katika neno mdoli.

Katika makala haya tunakusudia kuieleza kwa ufupi historia ya sanamu hizo na ya watu wanaozikusanya, ili tuone jinsi sanamu na jina vinavyokwenda pamoja, katika usahihi na katika upotofu. Tutaona pia kwamba suala hili linatugusa sisi wenyewe, kwa kuwa mmoja wa wanyama wanaojulikana mno katika makusanyo hayo alichimbuliwa Lindi.

Chanzo cha Sanamu Hizo

Mwaka 1854 lilifunguliwa bustani kubwa la maonyesho huko Sydenham, London, karibu na jengo la Crystal Palace. Humo mchongaji Benjamin Waterhouse Hawkins, akishauriwa na mtaalamu wa anatomia Richard Owen, alisimamisha sanamu za wanyama wa kale zenye ukubwa waliodhaniwa kuwa nao walipokuwa hai. Owen ndiye aliyeunda jina Dinosauria mwaka 1842, kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya mjusi wa kutisha.

Hawkins hakuishia hapo. Alitengeneza pia nakala ndogo za plasta za baadhi ya sanamu hizo, kwa kipimo cha inchi moja kwa kila futi moja, yaani 1:12. Nakala hizo ziliuzwa kwa shule, vyuo na watu binafsi Uingereza, na baadaye Henry Ward wa Rochester, New York, aliziuza Marekani. Hapo ndipo tunapouona mwanzo wa ukusanyaji wa sanamu za skeli. Nia yake ilikuwa kufundisha, na mnunuzi alijua ukubwa wa mnyama kwa kuzidisha tu.

Lakini mnunuzi huyo alipata na makosa ya wakati ule. Iguanodon wa Hawkins alikuwa na pembe puani na mwili mzito kama wa kifaru. Mwaka 1878 wachimba makaa wa Bernissart, Ubelgiji, walifikia mifupa ya Iguanodon wengi, na mtaalamu Louis Dollo alipoichunguza ilithibitika kwamba kile kilichodhaniwa kuwa pembe kilikuwa mfupa wa kidole gumba cha mkono. Sanamu za Sydenham zingaliko hadi leo, pembe zikiwa puani. Hakuna anayeziita za uongo, bali husemwa kuwa ni za mwaka 1854.

Katika karne ya ishirini plastiki ilichukua nafasi ya plasta. Kampuni ya Marx ya Marekani ilianza kutoa sanamu za dinosau mwaka 1955, ila hazikufuata skeli moja. Kuanzia mwaka 1974 kampuni ya Invicta ya Leicester ilitoa sanamu kwa ushirikiano na jumba la makumbusho ya elimu viumbe la London. Dinosau wake walifuata skeli ya 1:45, na katika mfululizo huo alikuwamo pia nyangumi buluu. Mwaka 1988 ulianza mfululizo wa jumba la makumbusho la Carnegie la Pittsburgh, uliotolewa na kampuni ya Safari kwa skeli ya 1:40 hadi ulipokoma mwaka 2015. Wakusanyaji huzitafuta hata leo sanamu zilizokwisha kuondolewa sokoni, na wengi huzithamini kwa sababu zinaonyesha mnyama alivyofahamika katika mwaka fulani.

Maana ya Skeli

Walimu wa jiografia wamelizoea neno skeli katika ramani. Katika sanamu maana ni ile ile, lakini hapana budi kutahadhari. Skeli ya 1:40 ni uwiano wa urefu. Ujazo hupungua mara arobaini kwa arobaini kwa arobaini, yaani mara 64,000. Mwanafunzi anayedhani kwamba mnyama halisi alikuwa mzito mara arobaini tu kuliko sanamu yake amepotea mbali, na mara nyingi aliyempoteza ni mfasiri aliyeandika "imepunguzwa mara arobaini" bila kusema kilichopunguzwa ni nini.

Tuchukue mfano. Kiunzi cha mnyama wa Tendaguru kilichoko Berlin kina kimo cha mita 13.27. Kwa skeli ya 1:40 sanamu yake itakuwa na kimo cha sentimita 33 hivi, na kwa 1:45 sentimita 29 na nusu. Nyangumi buluu mwenye urefu wa mita 28 angehitaji sentimita 70 kwa skeli ya 1:40, na hiyo si sanamu ya kuwekwa rafuni. Ndiyo sababu nyangumi aghalabu hutengenezwa kwa skeli ndogo zaidi, na mtoto anayewapanga pamoja humwona nyangumi akilingana na dinosau. Bila skeli kutajwa katika maelezo, sanamu mbili za kweli zikiwekwa bega kwa bega hutoa habari ya uongo.

Nyangumi na Jina Lililopotoka

Nyangumi hakosekani katika makusanyo hayo, na historia yake ni funzo kwa wanaistilahi. Mwaka 1834 Richard Harlan wa Marekani alipewa mifupa ya mnyama mkubwa wa baharini. Akadhani ni mtambaazi, akamwita Basilosaurus, maana yake mjusi mfalme. Mwaka 1839 Owen aliyachunguza meno yake akaona kuwa ni mamalia wa jamii ya nyangumi, akapendekeza jina jingine. Hata hivyo, kwa kanuni za elimu viumbe jina lililotangulia ndilo lililobaki. Hivyo hadi leo sanamu ya nyangumi wa kale huuzwa kwa jina la mjusi. Mfasiri atakayelitafsiri jina hilo neno kwa neno atamrudisha mnyama huyo mahali alipokwisha kuondolewa tangu mwaka 1839.

Hata nyangumi aliye hai hakujulikana vema kwa umbo. Sanamu ya nyangumi buluu ya London ilikamilishwa mwaka 1938, wakati watu walipomjua mnyama huyo zaidi kwa mizoga kuliko kwa kumwona akiogelea. Ile ya New York, iliyotundikwa mwaka 1969, ilifuata nyangumi jike aliyekutwa amekufa mwaka 1925 karibu na ncha ya kusini ya Amerika ya Kusini. Mwaka 2003 ilirekebishwa: macho, matundu ya pumzi na taya vilisahihishwa, na kitovu, ambacho kilikuwa kimesahauliwa, kikaongezwa.

Kiswahili chetu cha pwani kina neno nyangumi, nalo linatosha. Tena linatuepusha na mtego mmoja. Kiingereza humwita potwe, yule papa mkubwa wa bahari ya Mafia, kwa jina linalomchanganya na nyangumi, na katika masanduku ya sanamu huwekwa pamoja. Mfasiri asikubali mchanganyiko huo: potwe ni samaki, nyangumi ni mamalia.

Mnyama wa Tendaguru

Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba mifupa katika kilima cha Tendaguru, Lindi. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wananchi, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, nao wapagazi waliibeba mifupa hiyo kwa miguu hadi bandarini. Mwaka 1914 Janensch alimwita mnyama mkubwa kuliko wote Brachiosaurus brancai, akimweka katika jenasi iliyoundwa na Elmer Riggs mwaka 1903 kwa mifupa ya Colorado, Marekani. Kiunzi chake kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na kiko huko hadi leo.

Kwa kuwa mifupa ya Colorado ilikuwa pungufu, wachongaji wa sanamu walifuata kiunzi cha Berlin. Kwa miaka mingi, basi, mnyama wa Lindi aliuzwa duniani kote kwa jina la mnyama wa Colorado. Mwaka 2009 uchunguzi wa Michael Taylor ulionyesha kwamba wawili hao wanastahili kutenganishwa, na jina Giraffatitan, lililokuwa limependekezwa hapo awali, likathibitika kwa yule wa Tendaguru. Maana yake ni twiga-jitu.

Katika usemi wa kawaida nchini mwetu mnyama huyo huitwa mjusi, au mjusi mkubwa. Usemi huo tunauelewa, lakini kama istilahi una kasoro mbili. Kwanza, dinosau hakuwa mjusi: miguu yake ilisimama wima chini ya kiwiliwili, wala haikutanuka ubavuni, na jamaa zake walio hai ni ndege. Pili, mjusi mkubwa ndiyo tafsiri kamili ya Megalosaurus, jina ambalo William Buckland alimpa mnyama mwingine kabisa, wa Uingereza, mwaka 1824. Mwanafunzi wa Lindi anayeambiwa kwamba mjusi mkubwa alitoka kwao, kisha akapewa sanamu yenye jina la mnyama wa Colorado, amenyang'anywa mara mbili: elimu ya mnyama huyo, na fahari ya kujua alikotoka.

Mapendekezo

Kwa kuyazingatia hayo, tunawashauri wafasiri na walimu yafuatayo. Neno sanamu litumike kwa umbo lolote la mnyama, na sanamu ya skeli kwa lile linalofuata uwiano uliotajwa. Kielelezo kiachiwe kitu kinachoonyeshwa katika makumbusho, kiwe sanamu au mfupa, na kiunzi kitumike kwa mifupa iliyounganishwa. Kisukuku kisichanganywe na sanamu, maana kisukuku ni ushahidi na sanamu ni maelezo ya ushahidi huo. Dinosau ashike nafasi ya mjusi katika vitabu, ilhali "mjusi wa Tendaguru" abaki katika usemi kama jina la heshima. Katika upatanisho wa kisarufi tuseme dinosau huyu alikula majani, lakini sanamu hii imevunjika mkia. Mwisho, maelezo ya kila sanamu yataje mambo matatu: jina, skeli na mwaka iliyotengenezwa.

Majina ya kitaalamu yenyewe tusiyatafsiri, kwani yana historia yake, nayo wakati mwingine huwarudishia watu haki yao. Mwaka 2007 dinosau mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 mwingine aliitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyekuwa msimamizi katika uchimbaji huo. Mwalimu atakayeyaandika ubaoni kama yalivyo, kisha akaeleza maana yake, atakuwa amefundisha elimu viumbe na historia kwa pamoja.