Mitandao ya kijamii katika mafunzo ya ufundi stadi

Matumizi ya mitandao ya kijamii katika mafunzo ya ufundi stadi ni mbinu ya kufundishia ambapo walimu na wanafunzi wa fani kama umeme, useremala, ushonaji na uchomeleaji vyuma hutumia YouTube, WhatsApp, Facebook na mitandao mingine kuonyesha, kujadili na kuhifadhi kazi za mikono. Mbinu hii husaidia kazi ya karakana, lakini haichukui nafasi yake.

Historia

Facebook ilianzishwa mwaka 2004, YouTube mwaka 2005 na WhatsApp mwaka 2009, zote nchini Marekani. Kuenea kwa simujanja kuliifikisha mitandao hiyo mikononi mwa wanafunzi.

Nchini Tanzania mafunzo ya ufundi stadi hutolewa na vyuo vikiwemo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwaka 2016 VETA na Airtel Tanzania zilizindua VSOMO. Hiyo ni programu ya simu, si mtandao wa kijamii, lakini inafuata kanuni ileile: nadharia husomwa kwenye simu, kisha mwanafunzi huenda chuoni kwa vitendo.

Namna ya kutumia

* Video: karakana ikijaa, aliye nyuma haoni mikono ya mwalimu. Video fupi ya hatua moja huweza kusimamishwa na kurudiwa.
* Picha: mwanafunzi hutuma picha ya kila hatua, na kosa husahihishwa mapema, kwa mfano kabla kiungio cha mbao hakijatiwa gundi.
* Ujumbe wa sauti: humsaidia mwanafunzi anayejua kazi lakini anapata shida kuandika.
* Kumbukumbu ya kazi: picha zilizopangwa vizuri humwonyesha mteja au mwajiri uwezo wa fundi.

Mipaka na hatari

Video nyingi hutoka nchi zenye taratibu tofauti. Katika nyaya za majumbani za Marekani, rangi nyeusi huwa ya waya wa laivu. Katika mfumo wa zamani wa Kiingereza, ambao bado upo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, laivu ni nyekundu na nyeusi ni nyutro. Mwanafunzi akiiga video ya Marekani na kufunga swichi kwenye waya mweusi, taa itazimika, lakini kishikio cha balbu kitabaki na umeme. Anayebadilisha balbu anaweza kupigwa shoti na hata kufa.

Picha nayo haionyeshi kila kitu. Mshono wa kulehemu unaweza kupendeza kwa juu huku chuma hakikuungana ndani. Ubora wake hujulikana kwa kuukata, kuukunja au kuupima kwa vifaa.

Gharama ya bando huwaacha nyuma wasio na uwezo. Kuhusu faragha, Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Hivyo inafaa kupata ridhaa ya mwanafunzi kabla ya kusambaza picha yake.

Wajibu wa mwalimu

Mwalimu anatakiwa kuitazama video yote kabla ya kuituma, kueleza inapotofautiana na taratibu za nchini, na kuhakikisha asiye na simu anapata somo hilohilo. Umahiri wa mwanafunzi hupimwa kwa kazi anayoifanya mwenyewe mbele ya mwalimu.