Nyumba Moja, Watoto Wawili: Katanga na Tyniec

Ndugu vijana, karibu na mji wa Brugge nchini Ubelgiji iko abasia ya Wabenediktini iitwayo Saint-André. Wengi wenu katika parokia za Kampemba hamjalisikia jina hilo, ingawa Kanisa la Lubumbashi lilizaliwa humo. Mwaka 1910 Roma iliunda Prefektura ya Kitume ya Katanga, ikaikabidhi kwa wamonaki wa nyumba hiyo chini ya Dom Jean-Félix de Hemptinne. Miaka 29 baadaye nyumba ileile ilituma wana wengine upande wa pili kabisa, nchini Polandi.

Huko Polandi, juu ya mwamba kando ya mto Wisła, karibu na Kraków, ilikuwapo abasia ya Tyniec, iliyoanzishwa katika karne ya 11. Serikali ya Austria iliifunga mwaka 1816, na kwa zaidi ya miaka mia moja hapakuwa na mmonaki. Mnamo Julai 1939 Padri Karol van Oost, Mbelgiji wa Saint-André, akaingia humo na ndugu wachache. Mwezi mmoja na siku chache baadaye vita vikaanza. Wamonaki hawakukimbia. Tyniec ingali monasteri hadi leo.

Watoto hawa wawili wa mama mmoja hawakufanana. Mmonaki wa Mtakatifu Benedikto huweka nadhiri ya kudumu katika jumuiya yake mpaka kufa. Kanuni, iliyoandikwa katika karne ya 6, inataka hata maji, kinu na bustani viwe ndani ya uzio, ili ndugu wasitangetange nje. (Msemo tunaoupenda, “sala na kazi”, haumo katika Kanuni hiyo, ingawa wengi hudhani umo.) Basi fikirini: watu wa nadhiri hiyo wanatumwa Katanga, nchi kubwa kuliko Ubelgiji mara nyingi, ambako kila mtu yuko safarini!

Maana mwaka uleule wa 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, na mwaka uliofuata Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, wakiacha vijiji vyao. Serikali ya Ubelgiji nayo ilitaka wamisionari wa kwake, kwa kuwa Waprotestanti wa Kiingereza walikuwa wametangulia. Frederick Arnot alifika Bunkeya tangu 1886, wakati wa Mwami Msiri. Hivyo wamonaki waligeuka kuwa maparoko, walimu na wajenzi. Walianzisha misioni, Bunkeya na Kapolowe zikiwamo, na katika Elisabethville wakajenga katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo. Tyniec ilipata monasteri. Sisi tulipata jimbo.

Je, tulipunjwa? Mimi nasema ndiyo, kwa sehemu. Jimbo lililoanzishwa na wamonaki lingeweza kutufundisha ukimya, na kukaa pamoja kama ndugu bila kuulizana kabila. Badala yake askofu alikuwa karibu mno na wenye mamlaka. De Hemptinne aliutetea utawala wa kikoloni, na Padri Placide Tempels, Mfransisko, alipochapisha mwaka 1945 kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu, askofu huyo alikuwa miongoni mwa wapinzani wake wakali. Hatuheshimu historia yetu kwa kuyaficha mambo haya wakati wa katekesi.

Baada yake alikuja Mbenediktini mwingine, Floribert Cornelis, askofu mkuu wa kwanza tangu 1959. Mwaka 1967 kiti kikapokewa na Eugène Kabanga, mwana wa nchi.

Lakini tumpe mzee yule haki yake pia. De Hemptinne alifika hapa mwaka 1910, mji ukiwa ndio kwanza unafyekewa msitu. Alikufa mwaka 1958, mjini humuhumu: miaka 48.