Masikio yanapolia: jinsi ya kuishi na mlio na kulinda usikivu wako

Umeshinda kutwa nzima kwenye mashine ya kusaga. Jioni injini imezimwa, watu wameondoka na unga wao, nawe umelala. Kijiji kizima kimya. Lakini ndani ya sikio kuna sauti: ziiii, kama nyenje, kama filimbi ya mbali au birika linalochemka. Unamuuliza mwenzako kama anaisikia. Yeye hasikii kitu.

Hujarogwa, wala hujaanza kupoteza akili. Hali hii wataalamu huiita tinitasi, na huwapata watu wengi: duniani, zaidi ya mtu mzima 1 kati ya 10 ameipitia. Katika makala hii tunaeleza mlio huo unatoka wapi, lini ni wa kukimbilia hospitali, namna ya kuishi nao, na jinsi ya kuulinda usikivu uliobaki.

Mlio unatoka wapi?

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma yake, kuna kijumba kilichojikunja kama gamba la konokono. Humo mna chembe hai ndogo zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio. Sauti ikiingia, vinyweleo hutikisika na ujumbe huenda kwenye ubongo.

Kelele kubwa huvilaza vinyweleo hivyo kama upepo unavyolaza mahindi shambani. Vikilala kidogo tu, huinuka tena baada ya saa au siku kadhaa. Ndiyo maana mlio unaoupata baada ya harusi yenye muziki mkubwa mara nyingi hutoweka wenyewe. Lakini vikiumia sana, chembe zile hufa, na mwili wa binadamu hauoteshi nyingine.

Fikiria redio yako inapopoteza kituo. Ukiongeza sauti hupati habari zaidi, unapata mkwaruzo tu. Ubongo nao, unapokosa ujumbe uliouzoea kutoka sikioni, huongeza nguvu ya kusikiliza. Mkwaruzo unaotokea ndio huo mlio wako. Kwa hiyo mlio si ugonjwa wenyewe. Ni dalili, na mara nyingi inakuambia kwamba usikivu umeshaanza kuumia.

Mambo yanayoleta mlio

• Kelele za kazini na za starehe: mashine za kusaga na kukoboa, misumeno ya mnyororo, jenereta, kuchomelea na kugonga vyuma, spika kubwa na simu masikioni.

• Umri. Usikivu hupungua tunapozeeka, na mlio huweza kuja pamoja na hali hiyo.

• Nta iliyoziba sikio. Hii ndiyo nafuu kuliko zote, kwa sababu ikitolewa na mhudumu wa afya mlio unaweza kuisha.

• Maambukizi ya sikio, hasa yanayotoa usaha.

• Baadhi ya dawa. Wazee wengi wanakumbuka masikio yalivyovuma walipotumia kwinini kutibu malaria. Aspirini nyingi huleta mlio pia. Sindano za gentamaisini na streptomaisini huweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Ukisikia mlio ukiwa kwenye dozi, mweleze aliyekuandikia dawa siku hiyohiyo, lakini usiikatishe mwenyewe.

• Kuumia kichwa au shingo, matatizo ya taya, na wakati mwingine shinikizo la damu.

Lini usisubiri?

Nenda kituo cha afya upesi ukiona mojawapo ya haya:

• Usikivu umepotea ghafla, ndani ya saa chache au siku 2 au 3. Hii ni dharura. Tiba ina nafasi nzuri zaidi ikianza katika siku za mwanzo, kwa hiyo usingoje wiki ijayo.
• Mlio uko sikio moja tu na hauondoki.
• Mlio unapiga sawa na mapigo ya moyo.
• Una kizunguzungu kikali, au upande mmoja wa uso umelegea.
• Sikio linatoa usaha au damu, au mlio umeanza baada ya kupigwa au kuanguka.
• Mlio umekukosesha raha kiasi cha kufikiria kujidhuru. Mwambie mtu unayemwamini leo hii, na mwende pamoja hospitali.

Hata bila dalili hizo, mlio uliodumu wiki kadhaa unastahili kuangaliwa. Mhudumu atachungulia sikio, atapima shinikizo la damu, na akihitaji atakupa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo ili usikivu upimwe.

Kuishi na mlio

Tuseme ukweli: hakuna kidonge wala matone yaliyothibitishwa kuuondoa mlio uliotokana na chembe zilizokufa. Anayekuuzia dawa ya uhakika anakumalizia pesa. Lakini watu wengi hufika mahali ambapo mlio upo na hauwasumbui tena. Ni kama mtu anayekaa kando ya mto. Maji hayajaacha kuvuma, ila yeye hayasikii mpaka mgeni amkumbushe. Ubongo hujifunza kuupuuza mlio, na kuna mambo yanayousaidia.

Kwanza, epuka kimya kabisa, hasa usiku. Mlio hutawala pasipo na sauti nyingine. Acha redio iseme kwa sauti ya chini pembeni ya kitanda, au fungua dirisha usikie wadudu na upepo. Si lazima uufunike mlio wote. Sauti laini kidogo chini yake inatosha.

Pili, usiukague. Ukiamka kila asubuhi na kuusikiliza kama umepungua, unaufundisha ubongo kwamba ni jambo la hatari. Shika kazi ya mikono, zungumza na watu.

Tatu, linda usingizi wako. Uchovu na wasiwasi huukuza mlio. Lala na kuamka kwa saa zilezile. Mazungumzo na mshauri aliyefunzwa husaidia sana kupunguza usumbufu, hata kama mlio wenyewe haubadiliki.

Nne, kama usikivu umepungua, uliza kuhusu shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia. Ubongo ukipata sauti ulizozikosa, mara nyingi mlio hurudi nyuma.

Na waambie wa nyumbani. Mtu anayeshindwa kusikia mezani huonekana ana kiburi au amenuna, kumbe masikio yanamlia.

Kelele kiasi gani ni nyingi mno?

Kelele hupimwa kwa desibeli. Sikio huweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unaofaa hupungua nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15. Kinu cha nyundo chenye injini ya dizeli huweza kuvuka 90. Msumeno wa mnyororo hufika kama 110, na hapo muda salama bila kinga hautimii hata dakika 2.

Huhitaji kipimo. Simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Kama inabidi upaze sauti ili akusikie, kelele hiyo inaumiza.

Kulinda masikio kila siku

• Vaa viziba masikio vya sponji au vifunika masikio. Kiziba cha sponji kivingirishe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, kiingize, kisha kishikilie kama nusu dakika kitanuke. Pamba na kitambaa havizuii kelele ya kutosha.

• Kwenye mashine, pokezaneni zamu, na wanaosubiri unga wakae nje, hasa watoto. Injini iliyofungwa nje ya ukuta hupunguza kelele ndani.

• Harusini au kwenye mnada, kaa mbali na spika, na toka nje mara kwa mara.

• Simu masikioni isizidi asilimia 60 ya sauti yake, na ipumzishe.

• Usichokonoe sikio kwa njiti, unyoya wa kuku wala ufunguo. Unasukuma nta ndani na unaweza kutoboa ngoma. Usitie mafuta ya moto, mafuta ya taa wala maji ya majani.

• Mtoto anayetoka usaha sikioni atibiwe mapema, na apate chanjo zake zote. Surua na homa ya uti wa mgongo huweza kuacha uziwi.

Mwisho, redio yako yenyewe ni kipimo. Kama wenzako wanakuomba upunguze sauti, na wewe unaona ni ya kawaida tu, usibishane nao. Nenda ukapimwe masikio.