Boila ya Gari la Moshi na Sehemu Zake

Mtu atazamapo injini ya mvuke, macho yake hukimbilia magurudumu na dohani, wala hayakai juu ya lile pipa jeusi lililolala katikati. Kumbe nguvu zote zimo humo. Pipa hilo ndilo boila.

Mwaka 1804 Richard Trevithick aliendesha injini juu ya reli huko Penydarren, katika nchi ya Wales. Ndani ya boila yake moto ulipita katika bomba moja pana lililopindwa, na joto jingi likapotea bure. Mwaka 1829 Robert Stephenson alipounda injini iitwayo Rocket, alifuata shauri la Henry Booth, akatia mabomba membamba 25 ya shaba. Kila bomba likazungukwa na maji, nayo yakachemka upesi. Marc Seguin wa Ufaransa naye alikwisha kuwaza jambo lilo hilo. Injini zilizovuta magari kutoka Mombasa hata Kisumu, reli ilipofika ziwani mwaka 1901, zilikuwa na boila za namna hiyo hiyo. Aendaye Nairobi aweza kuziona injini za mvuke katika makumbusho ya reli.

Tuanze nyuma, asimamapo dereva. Hapo pana tanuri, na sakafu yake ni chanja cha chuma kipitishacho majivu. Kutoka tanuri mabomba huenda mbele mpaka chumba cha moshi, chini ya dohani. Mvuke uliokwisha kazi hupulizwa humo kwenda juu, ukavuta moshi pamoja nao, na hewa mpya ikaingia motoni. Ndiyo sababu ya ule mlio wa kuhema tuupendao. Juu ya mgongo pana kuba, mvuke mkavu unapokusanyika.

Lakini sehemu ya kuogopwa ni dari ya tanuri. Sharti ifunikwe na maji daima, nayo hupimwa kwa kioo kilicho mbele ya dereva. Maji yakipungua, dari hulegea kwa moto, na mvuke huipasua. Kwa hiyo hutiwa kizibo chenye risasi, ambayo huyeyuka kwanza, na mvuke ukamwagikia moto.

Tena kuna kilango cha salama, kifungukacho chenyewe mvuke uzidipo. Mwaka 1803 boila ya Trevithick ilipasuka huko Greenwich ikaua watu, kwa kuwa kilango kilizuiwa. Tangu hapo alitia vilango viwili, kimoja kisichoweza kuguswa na mwendeshaji.

Wengine hawakujifunza. Mwezi wa Juni 1831, katika South Carolina, Marekani, mtia kuni wa injini iitwayo Best Friend of Charleston alichoshwa na kelele ya mvuke, akakifunga kilango. Boila ikapasuka, naye akafa. Baada ya msiba huo wenye reli waliweka gari lililojaa marobota ya pamba kati ya injini na abiria.