Magari ya Ubelgiji yaliyosahauliwa: Minerva, Imperia na FN

Tukiketi na wazee wetu na kuwauliza juu ya magari ya wakati wa ukoloni, wanatutajia majina bila kufikiri sana: Chevrolet, Ford, Peugeot, Volkswagen. Siku moja darasani mwanafunzi alituletea ulizo hili: « Mwalimu, kama ni Wabelgiji walitutawala, mbona hakuna gari lao hata moja katika majina hayo? Hawakujua kutengeneza? » Tulinyamaza kidogo. Ulizo lilikuwa zuri, na jibu lake linatuhusu sisi pia.

Walijua, tena sana. Tuanze na Minerva ya Anvers. Sylvain de Jong, mtu wa asili ya Uholanzi, alianza huko mwaka 1897 kwa kutengeneza vinga, ni kusema baisikeli. Kisha akaingia katika pikipiki, halafu magari. Pale London, Charles Rolls alikuwa akiuza Minerva kabla ya kuungana na Royce, wakaanzisha ile kampuni ambayo jina lake kila mtu analijua. Moteri ya Minerva ilisifiwa kwa kutembea bila makelele, na hata jumba la kifalme la Ubelgiji lilikuwa na magari hayo.

Lakini gari la wafalme halina wanunuzi wengi. Ford ilifika Anvers mwaka 1922, General Motors ikafuata mwaka 1925. Wamarekani walileta vipande katika mashua, wakaviunganisha palepale bandarini, na kuuza kwa bei ya chini. Ilipokuja shida ya uchumi iliyoanza mwaka 1929, matajiri nao wakafunga mifuko. Mwaka 1934 Minerva ilifilisika, ikaunganishwa na Imperia.

Vita ya 40-45 iliongeza kidonda. Katika kiwanda kimoja cha zamani cha Minerva, kule Mortsel karibu na Anvers, Wajerumani walikuwa wanatengeneza ndege zao za vita. Tarehe 5 Aprili 1943 ndege za Marekani zilikuja kukibomoa. Mabomu mengi yalikosa kiwanda, yakaangukia nyumba na shule. Raia 936 walikufa, na kati yao watoto 209.

Kisha vita, Minerva ilijaribu kufufuka. Jeshi la Ubelgiji lilihitaji magari madogo ya kupita porini, basi Minerva ikapatana na Rover ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1952 ilitoa Land Rover yenye sura yake yenyewe: mabati ya mwili yalikuwa ya chuma, si ya aluminiyumu kama kwa Waingereza, na mabawa ya mbele yalikatwa kwa mshazari. Yalitoka maelfu, na jeshi liliyatumia kwa miaka mingi sana. Hata hivyo, shasi na moteri vilikuwa vya Mwingereza. Mapatano na Rover yalipovunjika, Minerva ilijaribu gari lake lenyewe, C20, lakini yalitoka machache tu. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Minerva ilikuwa imekwisha kufungwa.

Imperia ya Nessonvaux, karibu na Liège, ilikuwa na kitu cha kushangaza: mwaka 1928 ilijenga barabara ya kujaribia magari juu ya paa la kiwanda, yenye urefu wa karibu kilometa moja. Bonde lilikuwa jembamba, basi gari jipya lilipanda juu na kuzunguka huko kabla ya kwenda kwa mwenyewe. Kuanzia mwaka 1947 hadi 1949 Imperia ilitoa TA-8, gari dogo ambalo magurudumu ya mbele ndiyo yalilivuta. Lilikuwa zuri kwa macho. Lakini tuangalie ndani: umbo la shasi lilifuata Adler ya Ujerumani, moteri ilitoka kwa Amilcar ya Ufaransa. Baadaye Imperia ikaacha kutengeneza lake, ikabaki kuunganisha Standard Vanguard za Uingereza. Waingereza walipoamua kujenga kiwanda chao wenyewe kule Malines, Imperia ilikosa kazi. Mwaka 1958 milango ikafungwa.

Na FN? Kwetu jina hilo linajulikana hata na watoto, lakini ni kwa bunduki. Kumbe kiwanda hicho cha Herstal, kilichoanzishwa mwaka 1889, kilitoa magari tangu mwaka 1900 hadi 1935, pamoja na pikipiki zenye sifa. Kisha vita kilitengeneza tena makamyo ya jeshi. Katika majina yote matatu, lililotufikia na kubaki midomoni ni lile la silaha. Inaumiza kidogo, lakini ni kweli.

Sasa, juu ya nini magari hayo yalikufa? Si kwa kukosa mafundi, wala si kwa kukosa mali. Shaba ya Katanga ilikuwa inasafishwa kule Hoboken, mlangoni mwa Anvers, karibu kabisa na Minerva. Shaba yetu haikuiokoa. Kilichokosekana ni gari la mtu wa kawaida, na kazi ambayo ufunguo wake haukuwa mkononi mwa mwingine. Wazee wanasema: nguo ya kuazima haisitiri matako. Minerva iliazima Land Rover, Imperia iliazima Vanguard, na siku mwenye nguo aliporudi kuichukua, walibaki uchi. Hata kule Forest, Bruxelles, ambako D'Ieteren iliunganisha Studebaker tangu mwaka 1949 na Volkswagen tangu mwaka 1954, kiwanda kiliendelea chini ya wageni mpaka mwaka 2025, kisha wageni wenyewe wakakifunga.

Ndugu wasomaji, tusicheke. Leo Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na magari mengi ya umeme yanaihitaji. Tunasikia vijana wakisema kwamba ikiwa mali ni yetu, basi utajiri utakuja wenyewe. Historia ya Anvers inawajibu. Nchi ile ilikuwa na mafundi, ilikuwa na viwanda, ilikuwa na shaba yetu mlangoni, na magari yake yalikufa. Sisi tuna kobalti, lakini viwanda bado.

Yule mwanafunzi tulimjibu hivyo. Akafikiri, kisha akauliza tena: « Na sisi, mwalimu, tutaanza na nini? » Tulimwambia aende katika garaji za mtaa wetu, aone mafundi wanaochonga kwa mkono kipande ambacho hakipatikani tena dukani. Mtu anayeweza kukichonga amekwisha kuelewa kazi yake. Maarifa hayo hayajaandikwa mahali popote, na wenye kuyajua wanazeeka. Tumemwomba achukue daftari.