Walinzi Watatu Walioondoka: Historia Fupi ya Watoto na Mtandao Hapa Minnesota

Kila tunapokutana harusini, msibani au kwenye sherehe za kuwapongeza watoto waliomaliza shule, iwe ni hapa Oakdale au ng'ambo ya mto huko Minneapolis, maongezi ya wazazi huishia pale pale: watoto na simu. Mmoja atasema amempokonya mwanawe simu kwa mwezi mzima. Mwingine atasema ameweka programu ya kumfuatilia. Wa tatu atacheka na kusema yeye hana la kufanya, maana mtoto ndiye anayemfundisha kuitumia. Jambo hili lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea katika jimbo hili hili tunaloishi. Nimeona niieleze kwa kifupi, kwa kuwa anayejua ukuta ulivyojengwa ndiye anayejua pa kuutafuta ufa.

Tuanze mwaka 1973. Mwaka huo Minnesota iliunda chombo kilichojulikana kwa kifupi kama MECC, ambacho kazi yake ilikuwa kuzifikishia shule huduma ya kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa na ilikaa mbali. Shuleni kulikuwa na mashine iliyofanana na taipureta, iliyounganishwa na kompyuta hiyo kwa waya wa simu. Kwa njia hiyo watoto wa jimbo hili walicheza Oregon Trail, mchezo uliotungwa Minneapolis mwaka 1971 na walimu watatu waliokuwa bado mafunzoni. Lakini watoto ni watoto. Hawakuishia kwenye hesabu na michezo, bali walizitumia nyaya zile zile kuandikiana ujumbe na wenzao wa shule nyingine. Kwa hiyo mtoto kuongea kupitia mashine na mtu asiyemwona si jambo lililoletwa na Facebook. Tofauti ni kwamba mashine ile ilikuwa darasani, mwalimu alikuwa karibu, na muda wa kuitumia ulikuwa wa kugawana.

Mwaka 1991 kikundi cha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, kikiongozwa na Mark McCahill, kilitoa mfumo wa kutafutia habari kwenye intaneti ulioitwa Gopher, jina la mnyama ambaye ni nembo ya chuo hicho. Kwa miaka michache mfumo huo ulienea duniani. Mwanzoni mwa 1993 chuo kilitangaza kwamba baadhi ya wanaoutumia kwenye seva zao watatozwa ada, na Aprili 30 mwaka huo huo kituo cha CERN kule Uswisi kikaiachia wavuti itumike bure na kila mtu. Watu wakahamia kwenye cha bure, na huo ndio mtandao tulio nao mpaka leo.

Mimi ni mhandisi, na katika kisa hiki kuna jambo linalonigusa zaidi ya ushindani wa mifumo miwili. Katika yote miwili hakuna aliyejenga mahali pa kumuuliza mtumiaji umri wake. Haukuwa ubaya wa mtu. Sisi wahandisi hujenga kwa ajili ya mtu tunayemfikiria, na mtu aliyefikiriwa wakati ule alikuwa mhadhiri, mtafiti au mwanafunzi wa chuo. Mtoto wa miaka kumi hakuwamo kwenye mchoro. Nyumba ikishasimama, kuongeza mlango ambao haukuwamo kwenye mchoro ni kazi ngumu, na gharama yake hukimbiwa na kila mtu.

Tulioishi huku miaka ya 1990 tunaikumbuka kompyuta ya nyumbani ya wakati ule. Ilikaa sebuleni, maana ilikuwa ghali na ilikuwa moja. Ili iingie kwenye intaneti, modemu ililia mlio ambao nyumba nzima iliusikia. Mtoto akiwa mtandaoni, shangazi wa Tanga au mjomba wa Kisumu akipiga simu alikuta laini haipatikani, na lawama zake zilifika baadaye. Tena wengi tulilipia kwa saa. Mambo mengi bado yalisafiri kwa disketi, kutoka mkono hadi mkono. Hapa hapa Oakdale ndipo yalipokuwa makao makuu ya Imation, kampuni iliyozaliwa na 3M mwaka 1996 na kutengeneza disketi na vifaa vingine vya kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta.

Ukitazama vizuri utaona kwamba nyumba ile ilikuwa na walinzi watatu ambao hakuna aliyewaajiri. Wa kwanza alikuwa muda, kwa sababu kila saa ilikuwa na bei yake. Wa pili alikuwa waya, kwa sababu laini ilikuwa moja na kila mtu aliihitaji. Wa tatu alikuwa mahali, kwa sababu sebuleni kuna watu wanaopita. Mzazi hakuhitaji elimu ya kompyuta kujua kwamba mwanawe amekaa pale saa mbili, anacheka peke yake, na akipitiwa nyuma anafunga kioo haraka.

Walinzi hao waliondoka mmoja mmoja, wala hatukuwafanyia hafla ya kuwaaga. Desemba 1996 kampuni ya AOL ilianza kutoza ada moja ya dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa, na muda ukaondoka. Kisha zikaja huduma za kasi ambazo hazikuishika tena laini ya simu, na waya ukaondoka. Mwaka 2007 ikatoka simu ya iPhone, zikafuata nyingine za bei nafuu, na kompyuta ikahama sebuleni ikaingia mfukoni, kutoka mfukoni ikaingia chini ya mto wa kulalia. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Walikuwa wakiuzungumzia ulimwengu unaokaa nje ya mlango. Huu wa sasa humsubiri mtoto kitandani.

Je, serikali ilifanya nini? Hapa hatuna budi kurudi nyuma kidogo, kwenye msiba ambao kila mwenyeji wa Minnesota anaujua. Oktoba 22, 1989, Jacob Wetterling, mtoto wa miaka 11, alitekwa na mtu aliyefunika uso na kushika bunduki alipokuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli na wenzake katika mji mdogo wa St. Joseph. Mabaki yake yalipatikana Septemba 2016, karibu miaka 27 baadaye. Wazazi wake waliugeuza uchungu wao kuwa kazi ya kuwalinda watoto wa wengine, na mwaka 1994 Bunge la Marekani likapitisha sheria yenye jina la Jacob, iliyoyataka majimbo kuweka orodha ya wahalifu wa aina hiyo. Msiba ule, pamoja na mingine iliyotangazwa miaka ile, ulikifundisha kizazi kizima somo moja: jihadhari na mtu usiyemjua. Somo hilo halikuwa la uongo, ila lilikuwa nusu ya ukweli.

Nalo ndilo lililohamishiwa kwenye mtandao. Mwaka 1996 Bunge lilijaribu kupiga marufuku mambo machafu yasiwafikie watoto kwenye intaneti, lakini Juni 1997 Mahakama Kuu ya Marekani ilivifuta vifungu vikuu kwa sababu vilibana pia uhuru wa watu wazima. Mwaka 1998 kikaanzishwa kituo cha CyberTipline cha kupokea taarifa za watoto wanaodhulumiwa mtandaoni. Mwishoni mwa 2000 ikapitishwa sheria ya kuzitaka shule na maktaba zinazopata misaada fulani ya serikali kuu ziweke vichujio kwenye kompyuta zao. Kichujio ni kitu kizuri, ila kinafanya kazi ndani ya kuta zile tu. Mtoto akipanda basi la kurudi nyumbani na simu yake mfukoni, amekiacha nyuma.

Na ile miaka 13 tunayoiona kila mtoto anapofungua akaunti ilitoka wapi? Wazazi wengi hudhani iliwekwa na madaktari. Hapana. Inatokana na sheria ya 1998, iliyoanza kutumika Aprili 2000, inayozuia kampuni kukusanya habari za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Edward Markey, mmoja wa waliopigania sheria hiyo, alitaka iwe 16. Wafanyabiashara walipinga, na watetezi wa uhuru wa vijana nao walikuwa na hoja zao, basi wakakubaliana 13. Kwa hiyo nambari hiyo ni mapatano ya Washington kuhusu biashara ya taarifa, wala haimaanishi kwamba mtoto akitimiza 13 amekomaa kuzungumza na dunia nzima. Hatimaye Desemba 10, 2025, Australia ikawa nchi ya kwanza kuanza kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Hapa Minnesota nako, mwaka 2025 ilipitishwa sheria ya kuitaka mitandao hiyo itoe onyo kuhusu afya ya akili.

Lakini historia iliyotuumiza zaidi sisi watu wa Afrika Mashariki hapa Minneapolis na Saint Paul haikuhusu mtu asiyejulikana hata kidogo. Kati ya 2014 na 2015 kundi la vijana wa Kisomali wa hapa walijaribu kusafiri kwenda Syria kujiunga na kundi lililojiita Dola la Kiislamu. Novemba 2016 Jaji Michael Davis aliwahukumu vijana tisa. Mmoja aliachiwa kwa muda aliokwisha kukaa rumande, na mwingine alipewa miaka 35. Sikumbushii haya ili kuwanyooshea kidole jirani zetu, ambao ndio waliolia zaidi. Nakumbushia kwa sababu ya kile kilichoelezwa mahakamani: vijana walikaa pamoja wakitazama video za propaganda, na waliwasiliana kwa simu zao na rafiki aliyekwisha kufika kule. Somo la kujihadhari na mgeni lingewafaa nini? Aliyekuwa upande wa pili wa kioo alikuwa rafiki yao, mwenye lugha yao na utani wao.

Hali ni hiyo hiyo nyumbani. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ambao ripoti yake ya Kenya ilitoka 2021 na ya Tanzania 2022, uliwauliza watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Ilionekana kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto mtandaoni ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari, na kwamba ni wachache mno wanaopeleka taarifa polisi au kwenye simu za msaada.

Hapo penye kunyamaza ndipo hatari ya leo ilipojenga kiota. Machi 2022, katika jimbo la Michigan, kijana wa miaka 17 aliandikiwa na akaunti iliyojifanya msichana, akashawishika kutuma picha ya utupu, kisha akatishiwa kwamba isipolipwa fedha itasambazwa kwa jamaa na marafiki zake. Yote yalipita katika saa chache za usiku mmoja, baba yake akiwa nyumba hiyo hiyo, na kabla hakujapambazuka kijana alikuwa amejitoa uhai. Ndugu wawili wa Nigeria waliletwa Marekani na Septemba 2024 kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 17 na nusu. Wahalifu wa aina hii hutumia aibu kama silaha, na aibu haina nguvu pale mtoto anapokuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa tujitazame sisi. Mtoto wetu ana sababu mbili za kunyamaza kuliko mwenzake wa Kimarekani. Kwanza anajua akisema, adhabu ya kwanza ni kunyang'anywa simu, ambayo kwake ndiyo marafiki wote. Pili anajua kwamba habari yake haitabaki Oakdale. Itaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na kabla ya kesho bibi yake Moshi atakuwa anapiga simu kuuliza kulikoni. Programu za kufuatilia zinaweza kusaidia kwa watoto wadogo, ila kijana wa miaka 15 mwenye hofu ya wazazi atapata njia ya kuzikwepa, amini maneno ya mhandisi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Mwambie mwanao leo, kabla ya jambo lolote kutokea, kwamba akikuletea tatizo la mtandaoni hatanyang'anywa simu kwa kusema ukweli, na habari haitatoka nje ya nyumba. Kisha timiza ahadi hiyo, hata ukisikia la kukuchemsha damu. Mrudishe kazini mlinzi mmoja kati ya wale watatu: simu zote, za wazazi zikiwamo, zilale sebuleni zikichajiwa. Na kabla ya kurusha picha ya mtoto kwenye kundi la ukoo, muulize mwenyewe, naye atajifunza kwamba picha yake ina mwenyewe.

Likitokea la kutokea, msilipe, msifute ujumbe, msigombane kwanza. Hifadhini ushahidi, mzuieni mtu huyo, mtoe taarifa CyberTipline kwa namba 1-800-843-5678. Kipo pia chombo cha bure kiitwacho Take It Down, ambacho hutengeneza alama ya tarakimu ya picha ndani ya simu yenyewe na kuzipa alama hiyo kampuni zinazoshiriki ili zizuie picha, bila picha yenyewe kutoka kwenye simu. Mtoto mwenye mawazo ya kujidhuru apigiwe 988 mara moja. Jamaa walioko Kenya na Tanzania wana namba 116 ya kusaidia watoto.

Historia hii ya miaka hamsini inaonyesha kwamba sheria hufika baada ya msiba, na mitambo hufika baada ya sheria. Mtoto aliyetishiwa saa tano za usiku hawezi kuvisubiri vyote viwili. Ajue mlango wa chumba chenu uko wazi.