Habari za Rovu na Chumvi

Wengi waliohamia Temeke na Kinondoni kutoka Iringa, Mbeya na Rukwa wamepata kumwona bibi mwenye rovu. Wako waliodhani ni uchawi, sivyo. Tezi ndogo ya shingoni hutoa maji yauendeshayo mwili, wala haiwezi kazi hiyo pasipo madini joto. Mvua za miaka mingi zimeyasomba madini hayo katika udongo wa milima. Basi tezi hujitahidi hata ikavimba, naye mtu huchoka na kuona baridi. Msiba mkubwa ni wa mtoto aliye tumboni: aweza kuzaliwa kiziwi au mzito wa akili, wala hakuna dawa ya kumponya.

Uswisi, nchi ya milima nayo, ilianza kuyatia katika chumvi mwaka 1922. Kwetu vidonge vya mafuta yenye madini hayo viligawiwa bara miaka ya 1980, na sheria ya chumvi ikafuata miaka ya 1990.

Sisi wa pwani hujisifu kwamba chumvi yetu, kama ile ya Kunduchi, yatoka baharini. Kumbe maji yakaukapo juani, madini joto yabakiayo ni haba mno. Chumvi ya mawe ipimwayo kwa kopo sokoni, isipotiwa kitu, haimkingi mama mjamzito wa Temeke kuliko yule wa Rukwa.